Habari za Jamaika, Kisiwa cha Miwa na Milima

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Jamaika, walakini ukiwauliza nchi hiyo iko upande gani wa dunia, mmoja atasema ni Afrika ya Magharibi, na mwingine atasema ni Amerika. Kosa la yule wa kwanza si la kuchekwa, kwa maana watu wa kisiwa kile wengi wao asili yao ni Afrika, ingawa kisiwa chenyewe kimo katika bahari ya Amerika. Basi katika kurasa hizi twataka kueleza kwanza umbo la nchi ile, kisha mambo yaliyowapata watu wake. Na tangu mwanzo twamwomba msomaji ashike neno moja: katika Jamaika nchi tambarare ina historia yake, na milima ina historia yake, na mtu asiyejua milima iko wapi hataelewa jinsi watu wale walivyopata uhuru.

Kisiwa hiki kimo katika Bahari ya Karibi. Kaskazini yake, mwendo wa maili 90 hivi, iko Kuba, na upande wa mashariki, ng'ambo ya mlango wa bahari, iko Haiti. Urefu wake toka mashariki hata magharibi ni maili 146, na upana wake mahali palipo papana kabisa ni maili 51, na mahali pembamba ni maili 22. Kwa hiyo ni kisiwa kikubwa kupita visiwa vyetu vya pwani. Unguja nzima ingeweza kuingia ndani yake zaidi ya mara sita. Ukikitazama katika ramani utaona kama kasa aogeleaye.

Upande wa mashariki imesimama milima iitwayo Blue Mountains, yaani Milima ya Buluu, kwa sababu ukiitazama kwa mbali ukungu wake una rangi hiyo. Kilele chake kirefu ni futi 7,402. Watu wanaokaa chini ya Kilima Njaro huenda wakatabasamu wakisikia kimo hicho, lakini na wakumbuke kwamba toka kilele kile hata baharini ni pungufu ya maili 15, basi mteremko wake ni mkali sana. Upepo wa nchi ile huvuma kutoka kaskazini-mashariki, ukichukua maji ya bahari; ukifika milimani hupanda, hupoa, na kumwaga mvua. Kwa sababu hiyo milima ya mtaa wa Portland hupata mvua zaidi ya inchi 200 kwa mwaka, na mji wa Kingston, ulio nyuma ya milima hiyo hiyo, haupati hata inchi 40. Katika miteremko ile yenye ukungu hupandwa kahawa ambayo sifa zake zimeenea duniani; mbegu zake za kwanza zililetwa kisiwani mwaka 1728.

Ukienda katikati na magharibi utaona nchi ya namna nyingine. Huko ardhi ni ya mawe ya chokaa, nayo yafunika kama theluthi mbili za kisiwa. Maji ya mvua huyala mawe hayo polepole, hata chini ya nchi kuna mapango na mito isiyoonekana. Mto waweza kutiririka mbele ya macho yako, kisha ukazama shimoni, ukatokea tena mbali. Mahali palipo pa ajabu kuliko pote huitwa Cockpit Country. Hapo vilima vya mviringo vimesongamana maelfu kwa maelfu, na kati ya kilima na kilima kuna shimo refu kama bakuli, lenye msitu na miiba. Hakuna bonde la kupitia wala mto wa kufuata. Sehemu moja ya nchi hiyo Waingereza waliiita Nchi ya Kutazama Nyuma, na husemwa kwamba sababu yake ni hii, ya kuwa askari waliopita humo hawakukoma kugeuza shingo. Tutaona punde walikuwa wakiogopa nini. Na udongo mwekundu wa pande zile, ambao wakulima wa zamani hawakuujali sana, ulionekana katika karne ya 20 kuwa na madini ya kutengenezea aluminiamu, na tangu mwaka 1952 umechukuliwa kwa merikebu kwenda nchi nyingine.

Nchi tambarare si kubwa. Iko zaidi upande wa kusini, katika mitaa ya St Catherine na Clarendon, na magharibi katika Westmoreland, na vipande vidogo vidogo kando ya bahari ya kaskazini. Tumesema mitaa, nalo ndilo neno lenyewe, kwa maana Waingereza waliigawanya nchi kwa desturi ya Kanisa lao. Mitaa ni 14, na saba kati yake ina majina ya watakatifu. Tena mitaa hiyo imekusanywa katika majimbo matatu, Surrey mashariki, Middlesex katikati, na Cornwall magharibi, majina yaliyotolewa Uingereza. Mgeni asomaye ramani ile angedhani kwamba nchi ilikuwa ya watu watakatifu na wapole. Haikuwa hivyo.

Wenyeji wa kwanza walikuwa Wataino, watu waliolima mihogo na kuvua samaki, nao ndio walioiita nchi yao Xaymaca, ambayo maana yake husemwa ni nchi ya miti na maji. Christopher Columbus alifika kwao mwaka 1494 akiwa na merikebu za Wahispania. Akarudi mwaka 1503, na safari hii merikebu zake zilikuwa zimeliwa na funza wa baharini, hata ikamlazimu kuzipandisha pwani, akakaa hapo mwaka mzima. Wataino waliwalisha yeye na watu wake kwa muda mrefu, mpaka wakachoka, kwa kuwa wageni walikuwa walafi na wengine wakali. Ndipo Columbus akatazama kitabu chake cha falaki, akaona kwamba usiku wa tarehe 29 Februari 1504 mwezi utapatwa. Akawaita wakubwa wao, akawaambia kwamba Mungu amewakasirikia kwa kuwanyima wageni chakula, naye ataondoa nuru ya mwezi. Mwezi ulipoanza kuliwa wakalia kwa hofu, wakaleta chakula. Tumeisoma hadithi hii katika vitabu vya shule ikisimuliwa kama ushahidi wa akili ya Columbus. Sisi twaona kwamba ni vibaya kulitaja jina la Mungu ili kuwatisha watu waliokuwa wamekulisha mwaka karibu mzima. Na malipo waliyoyapata Wataino baadaye yalikuwa kazi ngumu na maradhi mageni, hata haikupita miaka mia ila karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Wahispania wakaanza kuleta watumwa kutoka Afrika.

Mwaka 1655 Waingereza, baada ya kushindwa kukitwaa kisiwa cha Hispaniola kilicho jirani, waligeukia Jamaika wakaitwaa. Wahispania walipokimbia, watumwa wao hawakungoja kupata mabwana wapya, bali walipanda milimani. Hao ndio mwanzo wa watu walioitwa Wamaruni, na jina hilo limetokana na neno la Kihispania la mnyama wa kufugwa aliyekimbilia porini.

Mji mkubwa wa Waingereza hapo kwanza ulikuwa Port Royal, uliojengwa juu ya ulimi wa mchanga uliofunga bandari. Ulitajirika kwa mali ya wanyang'anyi wa baharini, na ulevi wake ulijulikana mbali. Tarehe 7 Juni 1692, karibu na saa sita ya mchana, nchi ikatetemeka, mchanga ukawa kama uji, na theluthi mbili za mji zikashuka baharini pamoja na nyumba na watu wake. Watu kama 2,000 walikufa siku ile. Wahubiri wengi wamefananisha mji ule na Sodoma. Twaongeza jambo moja tu, kwamba Kingston, uliojengwa ng'ambo ya pili na waliosalimika, ulipigwa nao na tetemeko mwaka 1907, bila kuwa na sifa mbaya kama hiyo.

Mali ya kweli ya Waingereza, hata hivyo, haikutoka Port Royal. Ilitoka katika miwa. Miwa yataka nchi tambarare, maji, na watu wengi, maana ikiisha kukatwa yapasa isagwe upesi kabla maji yake hayajaharibika. Kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vilisaga mchana na usiku, na vyungu vya kuchemshia havikuzimwa. Watumwa waligawanywa vikosi: wenye nguvu walichimba na kukata, wadhaifu walifanya kazi nyepesi zaidi, na watoto wadogo walipalilia majani. Nyapara alisimama nyuma yao na mjeledi. Wenye mashamba wengi hawakukaa kisiwani. Walikaa Uingereza katika majumba makubwa, wakangoja faida.

Wenye elimu waliohesabu habari za merikebu wanasema kwamba Waafrika walioshushwa Jamaika walipita 800,000. Wengi walitolewa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, na pande za Biafra na Kongo. Wengine kati yao walichukuliwa mbele, wakauzwa katika nchi za Wahispania. Lakini watumwa walipohesabiwa mwaka 1834, waliokuwa hai kisiwani walikuwa 311,000 tu. Msomaji na aziweke hesabu hizo mbili kando kando. Katika nchi ambayo watu huzaa na kukaa salama, baada ya vizazi vingi idadi huongezeka. Huko mashambani walikufa wengi kuliko waliozaliwa, na wenye mashamba waliona ni rahisi kununua mtu mpya kuliko kumtunza aliyepo.

Basi toka mashamba yale ya tambarare mtu aliyeinua macho aliona milima. Kila mwaka walikuwako waliotoroka, wakawakuta Wamaruni waliotangulia. Makundi makubwa yalikuwa mawili. Moja lilikaa mashariki katika Blue Mountains, na kati ya wakubwa wake alikuwako mwanamke aitwaye Nanny, ambaye mpaka leo Wajamaika humheshimu sana. La pili lilikaa katika Cockpit Country, na mkubwa wake alikuwa Cudjoe. Jina hilo ni lile lile Kojo la watu wa Pwani ya Dhahabu, wampalo mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya Jumatatu. Kwa hiyo twajua kwamba ingawa miili ilivukishwa bahari, majina hayakuachwa nyuma. Watu wa Cudjoe walijifunika majani mwili mzima, wakasimama kati ya miti hata askari wakawapita karibu bila kuwaona. Walipashana habari kwa kupiga pembe. Vita iliendelea miaka mingi, na serikali ikapoteza fedha na watu bila kushinda.

Mwisho wake, mwaka 1739, Waingereza waliona afadhali kupatana. Wamaruni walikubaliwa kuwa watu huru, wakapewa nchi yao wenyewe: kundi la Cudjoe lilipata eka 1,500, na watu wa Nanny eka 500. Lakini mkataba ule ulikuwa na neno chungu ndani yake. Wamaruni waliahidi kwamba tangu siku ile watawarudisha watumwa watakaotoroka, na kuisaidia serikali kupigana na waasi. Nao walitimiza. Mwaka 1760 watumwa wa mtaa wa St Mary waliasi, na kiongozi wao Tacky alipigwa risasi na Mmaruni. Mwaka 1795 kundi moja la Wamaruni wa Trelawny lilipigana tena na serikali. Serikali ikaleta mbwa wakali kutoka Kuba, na hao Wamaruni walipojitoa kwa ahadi kwamba hawatafukuzwa, walipakiwa merikebuni, wakapelekwa Nova Scotia kwenye theluji, na baadaye, mwaka 1800, Sierra Leone. Hivyo wajukuu wa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo walirudi Afrika kwa kufukuzwa. Kuwalaumu Wamaruni ni rahisi kwetu sisi tuliokaa penye amani. Lakini hatuwezi kuficha kwamba mlima uliowapa wao uhuru ulifungwa mbele ya wenzao kwa mikono yao.

Tena iko njia nyingine, ya kimya, ambayo mlima uliwasaidia watumwa. Wenye mashamba hawakupenda kutumia nchi nzuri ya miwa kwa kulima chakula, wala hawakupenda kununua chakula. Kwa hiyo walimpa kila mtumwa kipande cha ardhi kilimani, mahali pasipofaa miwa, ajilimie mwenyewe siku ya Jumapili na siku chache nyingine. Huko watumwa walilima viazi vikuu, majimbi, ndizi na pilipili, na walichobakiza walikiuza. Soko la Jumapili likawa kubwa. Wanawake walishuka na vikapu vichwani maili nyingi, na hata Wazungu walinunua kwao. Katika karne ya 18, tufani zilipoharibu mimea na vita ya Amerika ilipozuia chakula cha merikebu, maelfu ya watumwa walikufa kwa njaa. Ndiyo sababu nahodha William Bligh aliagizwa, na mwaka 1793 akaleta miche ya mshelisheli kutoka Tahiti, ule ule tuujuao pwani kwetu. Lakini jambo tulitakalo msomaji alione ni hili: mtu ambaye kwa sheria hakuwa na kitu, wala mke, wala mtoto, wala mwili wake, alikuwa na kipande cha mlima ambacho jirani zake walikijua kuwa ni chake. Alipokufa, watoto wake walikilima.

Injili ililetwa kisiwani na Wamoravian mwaka 1754. Yatupasa kusema kweli kwamba hao nao hapo kwanza walikuwa na shamba lililolimwa na watumwa, jambo lililozuia kazi yao sana, maana mtumwa atamsikilizaje mhubiri ambaye kesho yake atamtuma shambani? Mhubiri wa kwanza kuwavuta watu wengi alikuwa mtu mweusi, George Liele, aliyekuwa mtumwa huko Georgia katika Amerika, akapata uhuru, akaanza kuhubiri Kingston mwaka 1783 hivi. Makutano yake ya Kibaptisti yalikuwa yamekwisha kuenea wakati wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza walipofika mwaka 1814. Basi wale wamisionari hawakupanda katika shamba tupu. Waliitwa wasaidie kuvuna.

Katika kanisa la Montego Bay alikuwako shemasi aitwaye Samuel Sharpe, mtumwa aliyejua kusoma. Alisoma Biblia, na alisoma magazeti, na katika hayo mawili aliona jambo moja. Katika Biblia aliona kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Katika magazeti aliona kwamba Uingereza watu wengi wametaka utumwa ukomeshwe. Akazunguka usiku akiwaapisha watumwa kwa Biblia kwamba sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ya mwaka 1831 ikiisha hawatarudi kazini mpaka walipwe mshahara. Yeye hakutaka damu. Lakini usiku wa tarehe 27 Desemba shamba moja lililoitwa Kensington, juu ya kilima, lilichomwa moto, na moto ule ulipoonekana mashamba mengine yakawashwa pia, hata mbingu za magharibi zikawa nyekundu. Wazungu waliouawa walikuwa 14. Watumwa waliuawa zaidi ya 200 katika mapigano, na zaidi ya 300 wakahukumiwa na kuuawa, wengine kwa kosa la kuiba nguruwe. Wazungu wenye hasira walibomoa makanisa zaidi ya kumi ya Wabaptisti na Wamethodisti. Sharpe alinyongwa sokoni Montego Bay tarehe 23 Mei 1832, akisema kwamba kwake kamba ni afadhali kuliko utumwa.

Mmisionari William Knibb, aliyekuwa amekamatwa katika fujo ile kisha akaachiwa, alikwenda Uingereza akasimama mbele ya wajumbe wa Bunge, akawaeleza aliyoyaona. Mwaka uliofuata, 1833, Bunge lilitoa sheria ya kukomesha utumwa. Wenye watumwa katika makoloni yote walilipwa pauni milioni 20. Watumwa hawakulipwa hata senti moja. Tena hawakuwa huru mara moja: tangu tarehe 1 Agosti 1834 ilikuwapo miaka ya kuitwa wanafunzi wa kazi, ambayo mtu alimtumikia bwana wake yule yule saa 40 na nusu kwa juma bila mshahara. Mpaka usiku wa tarehe 31 Julai 1838 ndipo mambo yakaisha kweli. Huko Falmouth watu walijaa kanisani kwa Knibb wakingoja saa sita ya usiku, na asubuhi wakaweka mjeledi na pingu na kola ya chuma ndani ya jeneza, wakazika.

Wengine hukomesha hadithi hapo, na nyimbo za shangwe. Lakini sisi waalimu tusimulie na asubuhi ya pili. Nyumba waliyolala wale watu huru ilikuwa ya nani? Ya mwenye shamba. Na kile kipande cha mlima walichokilima tangu enzi ya babu? Cha mwenye shamba pia, kwa sheria. Basi mwenye shamba akasema, kaeni, lakini mtalipa kodi. Na kodi ile mara nyingi ilidaiwa kwa kila mtu aliyelala nyumbani, mume, mke na mtoto, hata ikala mshahara wote. Asiyekuja kazini siku mbili alivunjiwa nyumba, na mindizi yake ikakatwa. Uhuru ulikuwapo katika karatasi, lakini mtu alikuwa hana mahali pa kusimama nao.

Ndipo makanisa yakafanya kazi ambayo twaona inastahili kukumbukwa kuliko majengo yote waliyoyajenga. Mmisionari James Phillippo wa Spanish Town alikwisha kutambua mapema. Mwaka 1835, kabla ya uhuru kutimia, alinunua eka 25 katika vilima juu ya mji, akazigawanya viwanja, akawauzia watu kwa bei nafuu. Kijiji kile kikaitwa Sligoville, nacho ndicho cha kwanza cha watu huru katika visiwa vile vya Waingereza. Knibb na wenzake wakafuata. Kwa kuwa wenye mashamba hawakutaka kuwauzia watu weusi, mara nyingine ardhi ilinunuliwa kwa siri kwa mkono wa mtu mwingine, kisha ikakatwa vipande. Kila mtu alilipa kwa akiba yake, fedha zile zile za viazi vikuu vya soko la Jumapili. Katikati walijenga kanisa na shule, na kando yake nyumba, kila moja na bustani yake. Vijiji vingine waliviita kwa majina ya watu waliotetea uhuru wao, kama Wilberforce, Buxton na Sturge Town. Vilikuwa karibu vyote vilimani. Na mtu mwenye kiwanja chake, akiitwa kazini kwenye miwa, aliweza kuuliza kwanza mshahara ni kiasi gani.

Kutoka vijiji hivyo na makanisa hayo walitokea waliokumbuka Afrika. Mwaka 1843 Joseph Merrick, Mbaptisti wa Jamaika, alivuka bahari akafika Fernando Po, kisha akakaa Bimbia katika Kameruni, akajifunza lugha ya Isubu, akatafsiri sehemu ya Maandiko. Mwaka huo huo Wakristo 24 wa visiwa vile, wengi wao Wamoravian wa Jamaika, walifika Pwani ya Dhahabu pamoja na misioni ya Basel, wakakaa Akropong milimani. Watu wa huko walipokuwa wakisema kwamba Ukristo ni wa Wazungu tu, walionyeshwa familia nzima za watu weusi wakisoma Biblia nyumbani mwao.

Wenye mashamba hawakukaa kimya. Tangu mwaka 1845 walileta wafanya kazi kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na hata mwaka 1917 walikuwa wamefika kama 36,000. Kodi na ushuru viliwekwa juu ya vitu vya maskini. Watu wakaongezeka, ardhi ya vijiji ikawa haitoshi, na juu ya hayo ikaja miaka ya ukame. Mwaka 1865 maskini wa mtaa wa St Ann walimwandikia Malkia Victoria wakiomba kukodi ardhi ya serikali iliyolala bure. Jibu lililoletwa na kubandikwa kila mahali lilisema kwamba wafanye kazi ya mshahara kwa bidii. Waliomba ardhi, wakajibiwa bidii.

Katika mtaa wa St Thomas, kijijini Stony Gut, alikaa Paul Bogle, mkulima na shemasi wa Kanisa la Wabaptisti wenyeji. Aliongoza watu wake kwa miguu kama maili 45 hata Spanish Town kumwona Gavana Edward Eyre, asipokelewe. Tarehe 11 Oktoba 1865 alishuka na mamia ya watu mpaka mahakama ya Morant Bay. Askari wa mji walifyatua risasi, watu saba wakaanguka. Ndipo fujo ikazuka, mahakama ikachomwa, na watu 18 wa upande wa serikali wakauawa. Kisasi cha Gavana kilikuwa cha kutisha: watu 439 waliuawa, mamia walipigwa mijeledi, na nyumba 1,000 zikateketezwa. George William Gordon, mjumbe wa Baraza, mwana wa mwenye shamba na mwanamke mtumwa, alikamatwa Kingston ambako hakukuwa na sheria ya vita, akapelekwa kwa merikebu Morant Bay ambako ilikuwapo, ili apate kunyongwa. Bogle alinyongwa siku iliyofuata. Na waliomkamata huko milimani, twasema kwa huzuni, walikuwa Wamaruni.

Eyre aliitwa Uingereza, akaondolewa kazini. Mambo yaliyofuata twayapita upesi. Kura kwa kila mtu mzima ilikuja mwaka 1944, na uhuru wa nchi tarehe 6 Agosti 1962. Nanny, Sharpe, Bogle na Gordon wamewekwa katika hesabu ya mashujaa wa taifa. Wamaruni wangali na vijiji vyao, na kila tarehe 6 Januari wa Accompong hufanya sikukuu ya Cudjoe.

Miwa ya tambarare imepungua sana. Walakini katika vilima zingaliko ardhi zilizonunuliwa na wale watu huru wa kwanza, na wajukuu huziita ardhi ya jamaa. Desturi yake ni kwamba haigawanywi wala haiuzwi. Ni ya wazao wote wa yule aliyeinunua, wanaume kwa wanawake, hata waliokwenda kukaa Kingston au London. Na yeyote kati yao akirudi hana kitu, ana haki ya kujenga kibanda hapo na kuchuma tunda la mti. Makaburi ya wazee yako pembeni, chini ya miembe na mishelisheli.